Daraja la Arobaini

Jumatatu, 17 Machi

Daftari hili nimelitoa kwenye boksi la vitu vya kutupwa. Jalada lake limechapwa nembo ya kikao kilichopita, kwa hiyo haliwezi tena kugawiwa wageni, lakini kurasa zake hazina doa. Nimeona huruma litupwe. Nitaliandika mpaka Bunge lifunge kikao, nione kama nami ninaweza kumaliza kitu, maana kazi yangu ni kuhesabu vitu walivyomaliza wengine.

Ofisi yetu ni vyumba viwili vilivyopo ghorofa ya tatu, na tupo watatu. Kuna Mkuu, ambaye akitoka tu tunamwita Bwana Asilimia. Kuna Msahihishaji, mzee aliyebakiza miezi minne kustaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mdomo usiofungika kwa chochote. Na mimi, mpanga orodha. Kikao kikikaribia kufungwa, wizara zote zinatuletea taarifa za miradi yao, nasi tunazigawa kwenye mafaili ya rangi tatu. Jekundu ni mradi ambao haujaanza, la manjano ni unaoendelea, la kijani ni uliokamilika. Hotuba ya kufunga kikao, ile ya mafanikio ya serikali, inachota kwenye kijani peke yake.

Mwaka jana sentensi zangu nne zilisomwa Bungeni bila kubadilishwa hata neno, na Mama akazisikia redioni. Akawaambia majirani kwamba Waziri anasema ninachomwambia.

Jumatano, 19 Machi

Taarifa mia mbili na sita. Vidole vinanuka gundi.

Jumapili, 23 Machi

Nimempigia Mama. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Unakula?" Hilo ndilo swali lake la kwanza hata kama umempigia ukiwa unatafuna.

Habari zote za nyumbani siku hizi ni daraja. Mama mkubwa, dada yake aliyemtangulia kuzaliwa, anaishi ng'ambo ya mto, na nyumba yake inaonekana kutoka kwetu vizuri kiasi kwamba akianika nguo Mama anajua ipi ni mpya. Mimi nimelelewa na Mama mkubwa miaka miwili, Mama alipougua. Zamani walivuka kwa kukanyaga mawe. Tangu nyonga ya Mama iharibike, huu mwaka wa pili, hawajashikana mikono. Wanapungiana. Barabara ya kuzunguka ni safari ya siku nzima, na mvua ikianza inakatika.

Kaka, ambaye ni fundi baiskeli na anaishi na Mama, alijitolea mara nyingi kumbeba kiangazi mto unapopungua. Mama alimjibu kwamba yeye si gunia.

"Nitavuka kwa miguu yangu daraja likiisha," ameniambia leo. "Wamefika pazuri. Mtu unasikia nyundo zao tangu asubuhi, unafurahi."

Ijumaa, 28 Machi

Leo tumehesabu faili la kijani. Shule zimekaa vizuri, visima vimekaa vizuri. Madaraja yametoka thelathini na tisa.

Mkuu alivua koti, akahesabu mwenyewe, akapata yale yale. "Thelathini na tisa ni namba ya mtu aliyechoka," akasema. "Mtu akisikia thelathini na tisa anajiuliza lile moja limepatwa na nini. Fungueni la manjano. Nani ana tisini na kitu?"

Ilikuwa miradi mitatu. Mmoja ulikuwa asilimia tisini kamili, mmoja tisini na moja, na wa tatu tisini na mbili. Huo wa tatu ulikuwa daraja la kwetu.

Nilitazama picha yake muda mrefu. Imepigwa kutoka upande wetu: nguzo zimesimama, mbao zimenyooka, vyuma vya kushikilia vimepakwa rangi. Taarifa ilisema mafundi wamebakiza wiki tatu, na hotuba ipo wiki sita mbele. Nikajiambia kwamba siku Waziri atakapolisoma litakuwa limeisha kweli, kwa hiyo hapa hakuna uongo, kuna kweli iliyotangulia kidogo tu. Na nitakiri, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilimwona Mama amekaa karibu na redio yake, jina la mto wetu linatajwa Bungeni.

"Hili," nikasema, nikaweka kidole.

"Tisini na mbili," akasema Mkuu, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. "Hiyo si pungufu. Hiyo ni mia inayovuta miguu."

Nikatoa karatasi kwenye manjano, nikaitia kwenye kijani. Msahihishaji alikuwa anasafisha miwani. "Arobaini," akasema. "Za mwizi huwa ngapi vile?"

Tulicheka wote, hata Mkuu. Baadaye, tukiwa wawili, mzee akaniambia nisitukane mamba kabla sijavuka mto. Huyu mzee hakuna jambo analolipenda. Nadhani kustaafu kunamtisha, anatafuta wa kumtisha naye.

Nimerudi nyumbani nimefurahi, kama niliyemnunulia Mama zawadi na kuificha.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha mchana kutwa. Nimegonga mihuri barua za kijani, arobaini za madaraja peke yake. Zinafanana zote, kinachobadilika ni jina la mradi. Mkono umevimba.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Dirisha la upande wa ngazi halifungiki.

Jumanne, 8 Aprili

Kaka amepiga simu saa za kazi, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Mdogo wangu, mafundi wanapakia."

"Wamemaliza?"

"Wamalize wapi! Imeletwa barua kwamba mradi umekamilika, wahamie mradi mwingine wenye faili jekundu, huko wanasubiriwa. Msimamizi amenionyesha. Anasema hata yeye anashangaa, lakini yeye anafuata karatasi."

"Wamepakia na mbao?"

"Mbao, misumari, turubai, na sufuria za mpishi wao."

Nikamuuliza kilichobaki ni nini hasa. Akasema daraja linatoka kwetu vizuri kabisa, unatembea kama bwana harusi, halafu hatua kama kumi na mbili kabla ya ng'ambo linakatika. Kipande cha mwisho hakipo. Wakati wa kiangazi mtu angeshuka kwenye mchanga akamalizia kwa miguu, lakini sasa mkondo wote uko upande ule. "Wamekula ng'ombe mzima, wamemwacha mkia," akasema. "Sijui ni mpumbavu gani huko kwenu aliyegonga mhuri."

Sikumwambia. Nilisema nitaulizia.

Kwa hiyo sasa najua asilimia nane ni nini. Ndiyo yenye maji. Nimefanya kazi hii miaka sita na sikuwahi kusoma ile barua mpaka mwisho. Inasema kwamba mradi uliokamilika unafungwa, mafundi wanaondolewa, na hauombewi tena chochote kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Ni sawa kabisa. Nani ataomba kujengewa kitu alichokwisha kujengewa?

Nina aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeingia kwa Mkuu nikamwambia kuna kosa kwenye daraja moja, turudishe karatasi kwenye manjano. Nilisema kosa ni langu. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Namba imeshapanda juu," akasema. "Jana jioni Waziri ameitumia kwenye mkutano. Arobaini. Watu wamepiga makofi."

"Itakuwa thelathini na tisa, Mkuu. Si nyingi."

Akainuka, akafunga mlango, kisha akarudi akakaa kwenye kiti cha wageni, karibu na mimi. Kwa mbali huwa anaonekana mtu wa mikutano. Kwa karibu kola yake imechakaa na ana macho ya mtu asiyelala.

"Ukitoa moja, watauliza kwa nini. Wakiuliza kwa nini, watataka kukagua yaliyobaki." Akasubiri nielewe. Nilipokawia akaongeza kwa sauti ndogo, "Unadhani hilo la kwenu ndilo peke yake?"

Nimetoka nikaendelea kupanga visima.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Ndoo tatu kwenye korido.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama: "Siku tatu sijaona nguo kwenye kamba ya dada yangu."

Nikasema ni mvua, nani ataanika nguo. Akasema huwa anaanika barazani, siku hizi tatu baraza ni tupu. Jirani wa ng'ambo ana simu, wamempata: Mama mkubwa ni kifua, analala, anaongea kidogo. Ameulizia Mama. Mtumbwi hakuna anayethubutu kuuingiza, barabara ya kuzunguka imekatika sehemu mbili.

"Mafundi watarudi lini, mwanangu? Wewe ndiye unayejua mambo ya huko."

Nikasema, "Karibuni, Mama."

Neno hilo limetoka lenyewe, laini, kama ninavyoliandika kazini kila siku. Nilipokata simu nilikaa kitandani na viatu.

Jumanne, 22 Aprili

Leo Msahihishaji amenikuta nimekaa na faili la kijani nimelifungua, silisomi. Hakunicheka. Akafunga mlango wa chumba chetu, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa karatasi ya rangi ya chai.

"Fomu ya marekebisho," akasema. "Ipo. Watu hawaijui kwa sababu haina kazi. Mimi nimeijaza mara moja tangu niajiriwe. Yangu ilikuwa shule."

"Ikawaje?"

"Ilinirudia nikiwa nimesahau nilichoomba." Akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Lakini wewe ni kijana, labda una bahati. Jaza."

Nimejaza mbele yake. Fomu inaeleza kwamba mtumishi fulani analalamikia usahihi wa taarifa fulani. Ikishapokelewa, anatumwa ofisa hadi kwenye mradi, achukue ushuhuda wa mnufaika, yaani mwananchi anayetumia kitu chenyewe. Mnufaika akisema hakijaisha, kinarudi kwenye manjano na mafundi wanarudishwa. Jina la mlalamikaji haliandikwi kwenye nakala ya ofisa, ili asije akaonewa.

Ilihitajika saini ya Mkuu. Aliisoma mara mbili, akaniangalia, akasaini. "Wakiniuliza, nitasema nilisaini bila kusoma," akasema.

"Ndivyo tunavyosaini vyote," akajibu Msahihishaji akiwa mlangoni. Mkuu akacheka, na nikamhurumia. Nilikuwa namwona mtu mwenye nguvu. Ni mtu aliyewekwa mlangoni azuie upepo kwa mgongo.

Sijamwambia Mama habari ya fomu. Ningelazimika kumwambia na ya kidole changu.

Ijumaa, 25 Aprili

Fomu ipo wizarani. Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Fomu ipo mezani kwa mtu aliye likizo.

Jumatano, 30 Aprili

Amerudi likizo. Fomu haijulikani ilipo.

Ijumaa, 2 Mei

Imepatikana. Ilikuwa chini ya birika, ina alama ya duara katikati, lakini inasomeka. Ofisa atasafiri baada ya hotuba, kwa sababu magari yote yametengwa kwa ajili ya wageni wa siku ya kufunga.

Kitabu cha mafanikio nacho kimetoka kwa mpiga chapa. Kinang'aa. Daraja letu liko ukurasa wa thelathini na moja, picha ile ile. Nimeomba likizo ya wiki moja. Mkuu amesema nikitoka sasa hivi kila mtu ataelewa. Na hata ningeenda, ningefika wapi? Ningeishia kwa Mama, maana barabara ya kuzunguka kwenda ng'ambo bado imekatika.

Jumatatu, 5 Mei

Mama mkubwa hali ile ile. Mama anamwomba jirani ampelekee simu kitandani, halafu wanaongea mambo ya utotoni mpaka salio linakwisha.

Ijumaa, 9 Mei

Tuliangalia hotuba ofisini kwa Mkuu, tumesimama, kwa sababu ya heshima na kwa sababu viti ni viwili. Waziri alisoma vizuri. Ana sauti inayofanya hata visima vionekane virefu zaidi. Shule, wakapiga meza. Visima, wakapiga meza.

"Mheshimiwa Spika, madaraja arobaini yamekamilika na wananchi wanavuka." Kisha akataja manne kwa majina, kama mfano. La tatu lilikuwa la kwetu.

Walipiga meza muda mrefu. Msahihishaji alikuwa anatazama viatu vyake.

Simu ya Mama ikaingia kabla makofi hayajaisha. Nikatoka kwenye ngazi.

"Nimesikia!" Alikuwa anahema. "Wametutaja! Watu wamejaa hapa uani, mwanangu, wananipa mkono mimi kana kwamba mimi ndiye Waziri." Nyuma yake nilisikia watu wanacheka, na mtu mmoja akisema jambo kwa kejeli, Mama akamgeukia: "Nyamaza wewe, unajua kusoma?" Kisha akahama sehemu, kelele zikapungua.

"Nimetoka nje kuliangalia," akasema.

Nikakaa kwenye ngazi.

"Wamesema limekamilika."

"Ndiyo, Mama."

"Wewe ndiye umeandika?"

"Ndiyo."

Mvua ikasikika kwenye bati lake na kwenye dirisha langu.

"Basi," akasema. "Basi, mwanangu. Ule chakula."

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na simu mkononi, na nilikuwa peke yangu kwenye ngazi. Sikusema. Nimerudi ndani, wakanipa soda.

Jumatatu, 12 Mei

Mama amepiga saa kumi jioni. "Nimevuka," akasema.

Sikumwelewa. Akarudia polepole: amevuka daraja, amefika kwa dada yake, amekaa naye, amempa uji, amemshika mkono. Nikamuuliza kile kipande. "Kimetengenezwa," akasema. "Si mlisema limekamilika?"

Nimelia kwenye choo cha ofisi mpaka mtu akagonga. Kumbe walirudi! Labda Waziri alipolitaja mtu alishtuka huko, akawakimbiza mafundi usiku na mchana. Simu ya Kaka haipatikani, lakini sina haja naye. Nimemwambia Msahihishaji. Akanitazama juu ya miwani, akasema Mungu ni mkubwa, akarudi kwenye karatasi zake. Mzee wa watu hajui kufurahi.

Jumanne, 13 Mei

Nimelala usingizi wa kwanza tangu Machi.

Alhamisi, 15 Mei

Mama mkubwa amefariki leo alfajiri.

"Nilikuwapo," Mama akaniambia. Sauti yake ilikuwa kavu, haikutikisika. "Aliondoka ameshika mkono wangu. Usilie. Nilikuwapo."

Namkumbuka akinichana nywele, magoti yake yamenibana nisikimbie, akinihadithia uongo kuhusu babu yetu ili nisisikie maumivu. Watazika kesho, na kutoka hapa mpaka kwetu ni safari ya siku mbili, sitafika. Lakini walishikana mikono. Baada ya miaka miwili ya kupungiana, walishikana mikono, na hilo nalishika mimi pia.

Jumanne, 20 Mei

Ofisa amerudi. Ni mtu mpole, mnene, mwenye mwavuli wa rangi nyingi. Aliniletea bahasha kwa mkono wake, kwa kuwa mimi ndiye mpanga orodha, akakaa, akasema safari ilikuwa ngumu lakini kwa bahati nzuri kazi haikuwa kubwa.

"Nilifika pale Jumatatu ya wiki iliyopita. Nikaenda nyumba ya kwanza iliyo karibu na daraja. Nikamkuta mama mmoja mcheshi sana."

Nilifungua bahasha nikasoma karatasi ya ushuhuda. Nainakili hapa kama ilivyo, kwa sababu sitaweza kuisahau hata hivyo:

"Mimi ni mkazi wa ukingo huu tangu nizaliwe. Daraja limekamilika na ni imara. Nimevuka mimi mwenyewe, na nyonga yangu mbovu, nikaenda kumwona dada yangu mgonjwa, nikamshika mkono. Aliyeandika kwamba limekamilika ameandika kweli. Anayesema ni uongo ana wivu. Nimeelezwa haya, nimekubali, nimeweka dole gumba."

Hapo chini pana dole gumba la Mama. Kuna kovu la kisu katikati, la siku aliyokuwa anamenya viazi nikiwa darasa la pili.

"Ulimwambia nini mpaka akasema haya?" nikamuuliza.

"Utaratibu tu. Nilimwambia kuna mtu amelalamika kwamba aliyeandika taarifa hii amesema uongo, nimetumwa kuchunguza. Akasimama wima! Akaniuliza huyo aliyeandika atafanywa nini kama ni uongo. Nikasema mimi sijui, labda atafukuzwa. Basi, hapo akaanza kutoa ushuhuda mwenyewe, hata sikumaliza kuuliza."

"Na wewe ulivuka?"

"Mimi?" Akacheka. "Kwa mvua ile? Dada, nina watoto."

Jumatano, 21 Mei

Kaka amepatikana. Simu yake ilikuwa imeingia maji.

Nilimuuliza moja kwa moja kama mafundi walirudi. Akaniambia nikae chini. Nikasema nimekaa.

Hawakurudi. Pengo liko pale pale. Mama hakuvuka. Siku ile ofisa alipoondoka, alimwambia Kaka, "Nikishamwambia mgeni, sina budi kumwambia na mwenye kazi, ili maneno yetu yafanane." Ndipo akanipigia. Na akamkataza Kaka asiniambie, nisije nikafukuzwa kazi.

Alhamisi jirani wa ng'ambo alipopiga simu ya msiba alfajiri, Mama aliipokea akiwa jikoni. Na Ijumaa, wakati wa mazishi, alichukua kile kiti chake kifupi, akatembea juu ya daraja mpaka ubao wa mwisho, akakaa. Watu wa ng'ambo walimwona. Makaburi yako juu ya mteremko, anaona kila kitu. Alikaa kwenye mvua mpaka walipomaliza kufukia, kisha akapunga mkono.

"Amepunga?" nikauliza.

"Kama alivyokuwa anampungia kila siku," akasema Kaka. "Nilisimama nyuma yake nimeshika mwavuli. Mdogo wangu, sijui mtu anasema nini pale."

Nikamwambia ule mhuri niligonga mimi, na kidole kilikuwa changu, na aliyelalamika pia ni mimi. Sikutaka kubakiza kitu. Hakunitukana. Akasema anaenda, kuna mtu anasubiri baiskeli.

Ijumaa, 23 Mei

Fomu imerudi. Juu ya alama ya birika wamegonga: Mnufaika amethibitisha. Lalamiko limefungwa.

Nilimwambia Mkuu kwamba mnufaika ni mama yangu na amesema uongo kwa ajili yangu. Akashika kichwa. Alifikiri kwa dhati, nilimwona akifikiri. Kisha akasema, "Ili tulifungue tena, itabidi tuandike kwamba mama yako ametoa ushuhuda wa uongo kwa ofisa wa serikali. Hilo ni kosa la jinai. Unataka tuandike?"

Nikasema hapana.

"Mimi pia sitaki," akasema. Akasukuma mbele yangu kopo la biskuti za wageni. Nimechukua moja, sijui kwa nini.

Jioni nikampigia Mama. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, nikaanza, akanikatiza.

"Kaka yako mdomo wake haufungiki. Nilijua." Akahema. "Sasa sikiliza. Alikuja mtu na kalamu kuuliza kama mwanangu ni mwongo. Wewe ungekuwa mimi ungemjibu nini?"

"Mama, aliyemtuma ni mimi. Ungesema kweli, mafundi wangerudi."

Hili hakuwa analijua. Nilisikia jinsi ambavyo hakuwa analijua. Nilingoja aseme kitu, hata atukane. Redio yake ilikuwa inaongea nyuma, mtu anasoma habari za mvua.

"Ungeniambia," akasema hatimaye. "Mwanangu, si ungeniambia tu."

Jumatatu, 9 Juni

Msahihishaji ameanza kubeba vitu vyake kidogo kidogo. Leo alichukua kikombe na kalenda. Droo ya chini ameniachia mimi, na fomu zilizobaki, kumi na moja. Nilimuuliza ile shule yake ilikuwa ya nani. "Ya mtoto wangu," akasema. Nimefanya naye kazi miaka sita na sikujua kwamba ana mtoto.

Mkuu ametuita. Kikao kijacho madaraja yanatakiwa hamsini. Ameuliza kama tuna swali. Hatukuwa na swali.

Mvua imekatika.

Jumapili, 15 Juni

Nilisema nitaandika mpaka kikao kifungwe, na kilifungwa zamani. Naandika leo tu, halafu daftari hili nitalifungia nyumbani.

Mama amepiga mchana. Mto umepungua, mchanga umeonekana upande wa ng'ambo. Watu sasa wanatembea juu ya daraja mpaka linapoishia, wanaruka chini, wanamalizia kwa miguu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unakula?"

"Ninakula."

"Leo nimevuka," akasema.

Nikashika simu kwa mikono miwili. Maneno yale yale, sauti ile ile. Sikuwa na namna ya kujua, na alijua kwamba sina.

"Kaka yako amenibeba mgongoni," akaendelea. "Kama gunia. Amenishusha kando ya kaburi, nikakaa mpaka jua likawa kali. Nimeng'oa majani. Nimemwambia dada yangu kila kitu, hata uliyoyafanya. Amenyamaza, unamjua alivyo." Kisha akateremsha sauti, kama kuna mtu mwenye kalamu amesimama mlangoni. "Lakini hili, mwanangu, usiliandike popote."